Povu la kupuliza darini: zibeni matundu kwanza

Swali la msomaji: "Nyumba yetu imeezekwa kwa mabati yaliyopigiliwa juu ya mapao, hakuna plaiwudi wala karatasi chini yake, na ndani kuna dari ya jipsamu bodi. Mchana vyumba vinafukuta. Msimu wa baridi hita inawaka usiku kucha bila faida. Darini hatuweki kitu. Kuna nyaya za umeme, mabomba, na pamba ya kioo nyembamba iliyochakaa. Fundi anataka kupuliza povu gumu la sentimita 5 chini ya mabati yote, anasema ni kazi ya siku moja. Tukubali? Na kuna sehemu tunayoweza kufanya wenyewe?"

Jibu: Kwa nyumba mliyoieleza, msikubali povu lipulizwe moja kwa moja kwenye mabati. Zibeni matundu ya dari kwa povu la kopo, kazi ambayo mnaiweza wenyewe, kisha tandazeni kihami kinene, yaani pamba au kitu kingine cha kuzuia joto, juu ya dari. Mtatumia povu kidogo sana na bado mtapata matokeo bora kuliko hizo sentimita 5.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uwezo wa kihami kuzuia joto hupatikana kwa kuchukua unene wake kwa mita na kuugawa kwa kiwango chake cha kupitisha joto. Povu gumu, lile la vitundu vilivyofungwa, lina kiwango cha 0.025 hivi, kwa hiyo sentimita 5 zinawapa 2. Pamba ya kioo au selulosi (nyuzi za karatasi) ina kiwango cha 0.04 hivi, na sentimita 25 za pamba zinawapa 6 na ushee. Isitoshe, paa lenye mwinamo wa nyuzi 30 lina eneo kubwa kuliko dari iliyo chini yake kwa asilimia 15, kabla hamjahesabu kuta za pembetatu za pande mbili. Yaani mngelipia povu ghali kwa eneo kubwa zaidi, mpate theluthi moja ya kinga.

Sifa kubwa ya povu ni kuzuia hewa, na hapo pamba haifui dafu. Msimu wa baridi hewa ya moto hupanda, hukuta tundu la waya juu ya ukuta au pengo kando ya bomba la maji taka, hupenya hadi darini na kutokomea nje. Nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayoingia chini ya milango. Siku za joto, hasa mkiwasha kiyoyozi, mwendo hugeuka. Hewa iliyopozwa ni nzito, huvujia chini, na badala yake huteremka hewa ya darini iliyopashwa na bati ambalo kwenye jua kali hupita nyuzi 60. Hewa hiyohiyo hubeba mvuke wa jikoni na bafuni. Ikifika kwenye bati lililopoa usiku, bati hutoka jasho, na matone huangukia pamba na mbao. Mvuke unaopita kwenye matundu kwa kubebwa na hewa ni mwingi mno kuliko ule unaopenya taratibu kwenye jipsamu yenyewe, ndiyo maana nasisitiza matundu kabla ya unene.

Sasa kuhusu bati. Povu gumu hushika vizuri chuma kisafi na kikavu, na kwenye maghala hupulizwa hivyo ili kuondoa jasho. Kwenye nyumba ya kuishi shida huja baadaye. Skrubu ya bati ikilegea na maji kuingia, hayadondoki pale yalipoingilia. Hutambaa kati ya bati na povu, hufika kwenye pao na kuliozesha bila mtu kuona doa lolote. Bati likihitaji kubadilishwa haliondoki peke yake, linang'oka na povu, na mara nyingi pao linakwenda nalo. Mabati pia hutanuka mchana na kunywea usiku, na penye vumbi, mafuta ya kiwandani au kutu, povu huachia taratibu. Povu laini, la vitundu wazi, ni baya zaidi kwenye bati kwa sababu linapitisha mvuke: mvuke unapenya, unakutana na chuma baridi, na kutu inaanza mahali msipoweza kuifikia. Paa la vigae visivyo na karatasi chini yake nalo lisipulizwe hivyo, kwani povu hugandisha vigae pamoja na kunyima mapao hewa ya kuyakausha.

Tuje kwenye kazi yenu. Pandeni asubuhi kabla bati halijapata moto. Lazeni mbao au vipande vya plaiwudi juu ya boriti na mtembee hapo tu. Jipsamu haibebi mtu. Vaeni miwani iliyofunga pembeni, barakoa ya vumbi, glavu na nguo za mikono mirefu. Kabla ya kuziba chochote, kagueni paa siku ya mvua, na kila panapovuja patengenezwe kwanza. Angalieni pia mchwa na nyaya zilizomenyeka.

Kutafuta matundu kuna njia tatu, na ni vyema kuzitumia zote. Ya kwanza ni kufunua pamba ya zamani. Palipo na tundu pamba huwa na doa jeusi, kwa kuwa miaka yote imekuwa ikichuja vumbi la hewa inayopita hapo. Fuateni madoa hayo. Ya pili: mmoja azime taa darini huku mwingine akiwasha taa zote za vyumbani, mwanga utachomoza kila penye upenyo. Ya tatu ni kufunga madirisha yote, kuweka feni kubwa kwenye mlango mmoja ikivuta hewa kwenda nje, na kuziba pengo lililobaki kuizunguka kwa kadibodi. Jikoni moto wowote wa kuni, mkaa au gesi uwe umezimwa. Kisha pitisheni udi unaowaka chini ya dari, kwenye taa, swichi na kona. Moshi ukisukumwa chini kwa nguvu, juu yake kuna tundu.

Anzeni na makubwa. Wengi hukimbilia nyufa za waya na kuacha shimo la ukubwa wa ndoo nyuma ya kabati la jikoni, au uwazi wa wima yanakopita mabomba ya bafuni. Uwazi wa namna hiyo haujazwi povu. Kateni kipande cha jipsamu bodi au plaiwudi, kilazeni juu yake, kipigeni skrubu, kisha zungusheni povu ukingoni. Sehemu nyingine inayosahaulika ni vichwa vya kuta za ndani: pale ukuta unapokutana na dari huwa pana ufa mwembamba unaokwenda urefu wote wa ukuta, na ukijumlisha kuta zote za nyumba unapata tundu kubwa kweli.

Povu la kopo linafaa mapengo ya milimita 5 hadi sentimita 5 hivi. Chini ya hapo tumieni silanti ya akriliki (uji wa kuziba nyufa), juu ya hapo wekeni kwanza kipande cha bodi. Kopo liwe na joto la kawaida, nyuzi 20 hivi. Likiwa la baridi povu hutoka zito na halijai vizuri. Tikiseni kwa dakika moja, likamateni chini juu, na mjaze nusu tu ya pengo kwa sababu litafura. Povu la kopo hukomazwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo siku kavu nyunyizieni pengo maji kidogo kama ukungu kabla ya kupuliza. Kujaza pengo la kina kwa mkupuo mmoja ni kosa la kawaida: nje linakuwa gumu, ndani linabaki bichi, na baada ya siku kadhaa linanywea na kuacha ufa. Pulizeni tabaka, subirini likauke juu, ongezeni jingine. Kwa fremu ya mlango wa darini chagueni povu la kufura kidogo, la kawaida hupinda mbao. Kwa dari ya mita 100 za mraba, makopo 8 hadi 12 ya mililita 750 ni kiasi cha kuanzia, na bunduki ya kupulizia yenye vali ya kufungia inaokoa povu jingi kuliko mrija wa plastiki. Likigusa ngozi futeni papo hapo kwa kitambaa kikavu. Likishakauka haliondoki mpaka ngozi ilike yenyewe.

Kuna mahali povu halikanyagi kabisa, hata lile lililoandikwa kuwa linastahimili moto. Dohani na bomba la chuma la kutoa moshi ni la kwanza. Hapo acheni nafasi ya sentimita 5 au kubwa zaidi kama mtengenezaji wa bomba anavyoagiza, fungeni nafasi hiyo kwa bati jembamba lililokatwa kufuata mduara, na ukingoni pakeni silanti ya kustahimili joto kali. La pili ni taa zilizozama darini. Taa za zamani zinahitaji hewa ya kupoza. Zikifunikwa huunguza waya na zinaweza kuwasha mbao. Ama badilisheni ziwe za LED zilizothibitishwa kufunikwa na kihami na zisizopitisha hewa, ama jengeni kisanduku cha jipsamu bodi juu ya kila taa, kiwe mbali nayo kwa sentimita 7 au 8 kila upande, kisha zibeni ukingo wa kisanduku badala ya taa. La tatu ni visanduku vya maungio ya umeme: zibeni matundu ya nyaya zinakoingia, ila kifuniko cha kisanduku msikizike, kibaki kinafikika. Nyaya nazo msizizike kwenye povu kwa urefu mrefu. Waya uliofunikwa hushindwa kutoa joto lake, na waya wa jiko au wa hita ya maji huhitaji fundi umeme akague kama unene wake bado unatosha.

Feni za bafuni zikiwa zinatoa hewa darini, ungeni mpira wa feni hadi nje kupitia ukuta au paa kabla ya kufunika. Mlango wa darini uwekeeni ukanda wa mpira pande zote nne, komeo la kuubana, na juu yake mgandishe bodi ya povu ya sentimita 10.

Baada ya hapo ndipo kihami. Pamba ya zamani ikiwa kavu na haina kinyesi cha panya inaweza kubaki chini. Safu ya kwanza ijaze kati ya boriti hadi juu, ya pili ilale kukingama boriti ili mbao zenyewe zisiwe njia ya joto, jumla iwe sentimita 25 au 30. Msiibane, pamba iliyobanwa hupoteza uwezo wake. Penye mabomba ya maji, kama mko mahali penye kuganda, funikeni bomba pamoja na dari badala ya kupitisha pamba chini yake.

Darini kwenyewe kuachwe kuwe na hewa, na hapa fundi wenu na mimi tunatofautiana kabisa. Kihami kikiwa juu ya dari, matundu ya paa ndiyo yanayoondoa joto la bati na unyevu. Kanuni inayotumika sana ni eneo wazi la matundu kuwa sehemu 1 kwa 300 ya eneo la dari, na 1 kwa 150 kama matundu hayakugawanywa juu na chini. Kwa mita 100 za mraba hiyo ni theluthi moja ya mita ya mraba, nusu kwenye upenu, nusu karibu na kilele. Wavu wa wadudu hupunguza upenyo, uhesabiwe. Kwenye upenu pigilieni kipande cha kadibodi ngumu au plastiki kati ya makombamoyo kinachoacha njia ya hewa ya sentimita 5 juu ya pamba, la sivyo pamba itaziba tundu. Kwa joto la mchana, karatasi ya kung'aa iliyofungwa chini ya makombamoyo, uso wake wa kung'aa ukitazama chini na ukiwa na hewa, hupunguza sana mnururisho, yaani joto la miali, unaoshuka kutoka kwenye bati. Isilazwe juu ya pamba, itashika vumbi na kupoteza mng'ao.

Hali inayonifanya nishauri kupuliza paa zima ni moja au mbili: darini kuna mifereji ya kiyoyozi, au mnataka kugeuza darini kuwa chumba. Hapo mpaka wa nyumba unahama kutoka kwenye dari kwenda kwenye paa, na lazima uhame wote. Matundu ya upenu na kilele yanayoingiza hewa darini yanazibwa, kuta za pembetatu zinapulizwa, pamba ya dari inaondolewa. Kupuliza paa na kuacha matundu hayo wazi ni kutupa povu, na kuziba matundu huku povu likiwa na mapengo ni kufungia unyevu ndani. Chini ya mabati yenu ingebidi kwanza ziwekwe bodi nyembamba kati ya makombamoyo, zikiacha uwazi wa sentimita 2.5 hadi 5 chini ya bati wenye hewa kutoka upenu hadi kilele, na povu lipulizwe kwenye bodi. Bati linabaki huru, na maji yakivuja yanateremka kwenye uwazi hadi nje.

Povu la mashine ni vimiminika viwili, isosianeti upande mmoja na polioli upande wa pili, vinavyochanganyika sawa kwa sawa kwenye bunduki, vikiwa vimepashwa joto la nyuzi 45 hadi 60 na kusukumwa kwa shinikizo la baa 70 au zaidi. Uwiano ukiyumba povu linaharibika. Isosianeti ikizidi, povu huwa la kuvunjika kama biskuti. Polioli ikizidi, hubaki laini, hunata, na kutoa harufu ya samaki isiyoisha. Mbao ziwe na unyevu chini ya asilimia 18, zipimwe kwa kipima unyevu mbele yenu. Povu gumu lisipulizwe zaidi ya sentimita 5 kwa tabaka moja, na tabaka lipoe kabla ya lingine. Mchanganyiko huo hutoa joto wenyewe, na tabaka nene kupita kiasi huungua kati, hupasuka, na limewahi kuwasha moto. Kupuliza kunaweza kuisha siku moja kama anavyosema. Kufunika, kukausha na kusubiri hakuishi.

Mnaweza kumkagua fundi kwa kisu na mizani ya jikoni. Mwambieni apulize sampuli kwenye kadibodi siku hiyohiyo, ikipoa kateni mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Huo ni lita moja. Povu gumu lipime gramu 32 hivi, laini gramu 8 hivi. Likipungua sana mmeuziwa hewa. Lichunguzeni pia lilipogusa kombamoyo: ufa mwembamba kati ya povu na mbao unaonyesha limenywea, na hewa itapita hapo hata kama unene ni kamili. Kwa hesabu ya mali, mita 100 za mraba kwa sentimita 10 ni mita 10 za ujazo, na jozi ya mapipa yenye kilo 450 hivi za povu gumu kwa kawaida hutoa kati ya 9 na 11. Fundi anayesema jozi moja itatosha mara mbili ya hapo anapanga kupuliza jembamba.

Afya msiifanyie mzaha. Mvuke wa isosianeti huweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na aliyekwisha kudhurika hudhurika tena kwa kiasi kidogo sana. Mpulizaji avae vazi zima na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira; barakoa ya kitambaa si kinga. Watu na wanyama wote watoke, feni ivute hewa kwenda nje, na mtu asirudi kabla ya saa 24 au muda mrefu zaidi ukiandikwa na mtengenezaji. Harufu kali ikidumu baada ya siku kadhaa, povu lilichanganywa vibaya, na dawa yake ni kukata sehemu mbovu, kwani rangi ya kufunika haiiondoi. Povu lililobaki wazi hushika moto na kutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo chumba cha darini kifunikwe kwa jipsamu bodi ya milimita 12.5. Kwenye jua huwa la njano na kumomonyoka. Panya na mchwa hawali povu ila hulitoboa na kujificha humo, basi acheni ukanda wa mbao ulio wazi kwenye ncha za makombamoyo ili ukaguzi uwezekane.

Kwa vyovyote mtakavyochagua, nyumba iliyozibwa haibadilishi hewa yenyewe kama zamani. Feni za bafuni na jikoni ziwe zinafanya kazi, na hita ya gesi au jiko lenye dohani lijaribiwe upya siku ya kumaliza: fungeni milango na madirisha, washeni feni zote, washeni hita, kisha baada ya dakika 5 shikeni udi karibu na mdomo wa dohani. Moshi ukivutwa juu, sawa. Ukirudi chumbani, zimeni, fungueni dirisha, na mfungiwe njia maalumu ya hewa ya kulisha moto kabla ya kuiwasha tena. Kifaa cha kutambua kaboni monoksidi kiwekwe karibu na vyumba vya kulala kabla ya usiku wa kwanza.